Re: Nimeletewa waini ya Morgon, ni zabibu gani na inaliwa na nini?

Mkuu, umesema shemeji yako katoka Ufaransa na chupa imeandikwa Morgon 2020, unataka kujua zabibu yake, kama ni tamu, na ule na nini. Nipo Lyon, mwaka wa nne sasa nahudumu mezani mgahawani, na Septemba moja nilikwenda kuvuna huko huko Beaujolais, mkoa wa waini kaskazini mwa Lyon inakotoka Morgon yako. Mgongo bado unakumbuka: mizabibu yao ya zamani ni mifupi, haifiki kiunoni, unavuna umeinama kutwa nzima.

Kwanza, Morgon si zabibu, ni mahali. Wafaransa wanaandika shamba lilipo, zabibu utajijua mwenyewe. Hiyo yako ni ya zabibu nyekundu iitwayo gamay. Beaujolais ina maeneo 10 yanayoruhusiwa kutumia jina lao wenyewe kwenye lebo (Fleurie, Brouilly, Moulin-à-Vent na wenzao), na Morgon ni mojawapo. Gamay ilidharauliwa sana zamani. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru ing'olewe kwenye ardhi yake. Ikaja kustawi kusini kidogo, kwenye vilima vya matale vya Beaujolais, na leo watu wa Lyon wanatania kwamba mji wao una mito mitatu: Rhône, Saône, na wa tatu ni waini ya Beaujolais.

Utamu hakuna, ni kavu. Ila usiogope, haina ule ukakasi wa bibo unaokausha ulimi kama waini nyingine nyekundu. Sababu ni utengenezaji: vichala vinaingia tangini vizima, na punje nyingi zinaanza kuchachuka kwa ndani kabla hazijapasuka. Ndiyo maana tunda linabaki mbele. Fleurie kwangu inanukia maua. Morgon ni nzito zaidi, mimi naonja cheri nyeusi, forosadi iliyoiva sana, na mwishoni kitu kama jiwe lililonyeshewa mvua. Uchachu wake upo, unatoa mate, na huo ndio unaoisaidia mezani.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Usiinywe na joto la sebuleni. Wiki yangu ya kwanza kazini, ilikuwa Julai, nilipeleka chupa kutoka kabatini moja kwa moja mezani. Mzee mmoja akaonja, akaniangalia, akasema, "Kijana, hii supu?" Nikakimbilia ndoo ya barafu. Nyuzi 14 au 15 zinatosha. Kwa joto la Dar, iweke friji kama saa moja na nusu, itoe, mimina.

Chakula: hapa wanainywa na soseji kavu, kuku wa kuoka, na jibini laini. Kwako ningeanza na kuku wa kienyeji wa kuchoma, chumvi na ndimu tu. Mishkaki sawa, ila pilipili weka pembeni, kilevi kinazidisha ukali wake mpaka huonji kitu. Jodari wa kuchoma pia anakubali, watu wanashangaa nikisema hivyo, lakini ukakasi ukiwa mdogo samaki hageuki ladha ya chuma mdomoni. Mbuzi mwenye mafuta mengi ningemtafutia waini yenye misuli zaidi. Viazi vitamu na michuzi ya sukari sukari, hapana kabisa.

Kuhusu kuihifadhi: Beaujolais Nouveau, ile changa ya mavuno ya mwaka huohuo inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, inanywewa mapema. Morgon nzuri inakaa miaka, na wenyeji wana kitenzi chake, "morgonner", yaani kuwa Morgon kwelikweli. Lakini kama huna sehemu yenye ubaridi, usiiweke juu ya kabati la jikoni ukadhani unaitunza, inapikika taratibu. Ukiona machicha chini, isimamishe tangu usiku wa jana yake, mimina polepole, na kidole kimoja cha mwisho kiache kwenye chupa.