Kaure za Lamu: Tazama Ukuta Kabla ya Sahani

Mgeni akishuka gatini Lamu huelekezwa Makumbusho ya Lamu, lile jengo la ufukweni walimokaa maofisa wa Uingereza enzi za ukoloni. Nenda, ila si kwanza. Wageni wangu mimi huwapitisha vichochoroni hadi Nyumba ya Kiswahili, makumbusho ndogo katika nyumba ya karne ya 18. Kaure (sahani na bakuli za udongo laini unaong'aa) iliyofungiwa kwenye kabati la kioo ni chombo tu; ukiiona kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndipo unapojua ilikuwa na kazi gani.

Usikimbilie ndani. Kaa kwanza kwenye daka, yaani baraza la mlangoni, kisha vuka kiwanda (ua wa ndani), upite msana, chumba kirefu cha mbele, mmoja baada ya mwingine. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kadiri unavyoingia, mwanga unapungua na nakshi za chokaa zinazidi, mpaka unakutana na ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu. Subiri macho yazoee kiza. Humo ndimo sahani na bakuli zilimopangwa. Zilitangaza uwezo wa mwenye nyumba, na wazee huongeza kwamba zilikinga hasadi: jicho baya likiingia, inapasuka sahani, mtu anasalimika.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, hata baadhi ya watembeza wageni: si kila sahani ya buluu imetoka China. Katika karne ya 19 nyingi zililetwa pwani hii kutoka viwanda vya Ulaya, hasa Uholanzi na Uingereza. Angalia maua. Yaliyochorwa kwa brashi hayafanani kabisa, rangi imekolea huku na kufifia kule. Ya kupigwa chapa hujirudia vilevile ukingo mzima. Mwombe mhudumu akuoneshe mgongo wa sahani (wewe usiiguse). Baadhi zilitobolewa kwenye kitako ili zipitishwe uzi na kutundikwa ukutani.

Beba kitambulisho, maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje.

Ukishuka Malindi, pitia Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948 na kukuta kaure tele. Mimi lakini napenda zaidi Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kwenye nguzo ya kaburi iliyopachikwa bakuli za Kichina. Vaa kwa heshima, yale ni makaburi ya watu.