Unakwenda Oman kufanya kazi za ndani? Isome viza yako kabla ya kuondoka

Wasichana wa Unguja na Pemba wanaonijia kuulizia kazi za ndani Oman huanza na mshahara. Mimi huwauliza viza. Nimefanya kazi Maskati, nikamaliza mkataba wangu na kurudi salama, na tangu hapo wazazi wa mtaani huniletea karatasi za mabinti zao niziangalie.

Tazama kwanza aina ya viza. Viza ya kazi huombwa na tajiri mwenyewe, yaani mwajiri wako: hupata kibali cha Wizara ya Kazi ya Oman, kisha polisi wa kule ndio wanaoitoa. Wakala akikwambia, "Nenda na viza ya matembezi, watakubadilishia huko huko," mkatalie. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, na mwaka 2023 Oman ilisimamisha kuzibadilisha viza za namna hiyo kuwa za kazi. Siku zake zikipita, unadaiwa faini ya riali 10 kwa kila siku. Nimemwona msichana wa Kipemba katika hali hiyo. Kila akidai mshahara wake alitishiwa kuitiwa polisi, na akanyamaza, maana alijua mwenye kosa mbele ya polisi ni yeye.

Kisha soma jina la kafili, yaani yule tajiri aliyekuombea viza. Viza yako imefungwa kwa mtu huyo mmoja. Kuna wanaoombewa viza na mtu, wakifika wanapelekwa kwa dada yake au kwa mkwewe, na mambo yakiharibika hakuna anayekubali kuwa ndiye mwajiri. Jina la kwenye viza na la kwenye mkataba liwe moja. Na ukitoka nyumbani kwake bila ya utaratibu, anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, hata kama ulikimbia kipigo.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Waomani wengi wana asili ya visiwa vyetu na Kiswahili wanakizungumza kama sisi. Basi akipiga simu mtu akasema bibi yake kazaliwa Wete, mama wa msichana anafurahi: "Hao watu wetu, mkataba wa nini tena?" Wema wapo, tena wengi, na mimi nilikaa kwa mmoja wao. Lakini mtu mwema haoni tabu kutia saini. Wafanyakazi wa ndani hawakuwekwa pamoja na wafanyakazi wengine katika sheria ya kazi ya Oman. Wana kanuni zao mbali. Ukienda bila ya mkataba, ukidhulumiwa utaonesha nini?

Paspoti ni shughuli ya Uhamiaji, na Uhamiaji ni jambo la Muungano. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo mkataba wako upeleke Kamisheni ya Kazi hapa hapa Zanzibar wakaukague. Wakala anayetaka upitie nchi nyingine ili usikaguliwe, achana naye siku hiyo hiyo.

Na wewe mzazi unayekubali binti yako wa skuli aongezewe miaka ili paspoti itoke, nakuomba kwa Mungu, usifanye hivyo. Akipotea, utamtafuta kwa umri usio wake.

Ukishafika, utapelekwa kupimwa afya na kuchukuliwa alama za vidole, ndipo utolewe kadi ya ukaazi, ile wanayoiita bataka. Ukiona siku zinakwenda na hupelekwi, uliza. Bataka kaa nayo wewe. Paspoti pia ni yako: waraka wa serikali ya Oman wa mwaka 2006 unawakataza waajiri kuzizuia, ingawa wengi bado wanazifungia kabatini. Gharama za kukuleta ni za tajiri, na wapo wanaomwambia mtu "nimekununua" akitaka kurudi kwao. Mkataba useme wazi nani atalipa tiketi ukirudi kabla ya muda.

Kabla hujaondoka, waachie nyumbani picha za paspoti, viza na mkataba. Namba ya ubalozi wetu wa Maskati iandike kwenye karatasi uiweke katika nguo zako, kwa sababu simu ndiyo kitu cha mwanzo wanachonyang'anya.