Maswali ya Wasomaji: Biashara, Matatu na Kafyu Wakati wa Korona

Barua nyingi za Mei 2020 zilitoka Pwani ya Kenya, ambako tangu tarehe 8 Aprili mwaka huo watu walikuwa wamezuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Tumetanguliza zinazogusa riziki.

Nauza mahamri na mbaazi kando ya barabara. Bwana afya amesema nisipoweka maji ya kunawa nitafungiwa. Sina pesa za ndoo yenye koki, nimeweka karai. Linatosha? (Mama mahamri, Kilifi)

Mama, karai liondoe. Anayenawa wa pili anaosha mikono kwa uchafu wa wa kwanza. Tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, pasha msumari moto, toboa tundu moja upande wa mdomo, sentimita 12 hivi kutoka kitakoni. Pitisha kijiti kwenye mshikio, kilaze juu ya miti miwili yenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha chini cha kukanyagia. Mteja akikanyaga dumu linainama, maji yanatoka, na mkono wake haujagusa kitu.

Maji yaishie chini ya tundu. Ukizidisha yatachuruzika yenyewe mpaka yafike hapo. Yakitoka kwa kusitasita, legeza kifuniko hewa iingie. Wengi hutoboa tundu kubwa kwa haraka, kisha dumu linakauka kabla ya wateja wa asubuhi kwisha. Chini mwaga kokoto, la sivyo patakuwa tope na watu watapakwepa.

Sabuni ya kipande huibwa au huyeyuka kwa mvua. Koroga gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, ifunge kwa kamba. Mteja asugue sekunde 20, vidole na kucha pia, kisha aache mikono ikauke kwa upepo. Taulo la wote usiweke.

Abiria wetu hunyunyiziwa jiki wakipanda, na wengine hulalamika macho yanawasha. Kipimo sahihi ni kipi? (Makanga, Bamburi)

Kaka, kwa mtu hakuna kipimo. Acheni leo hii. Jiki huunguza macho, ngozi na mapafu, na virusi vilivyo ndani ya mwili haivifikii. Mikono ya abiria ipate sanitaiza yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60.

Jiki ni ya vyuma vya kushikia, vitasa na migongo ya viti. Tazama lebo: ikiwa ina dawa ya klorini (sodium hypochlorite) asilimia 3.5, tia vijiko viwili vya chakula (mililita 30) katika lita moja ya maji baridi. Pangusa kwanza kwa maji ya sabuni, maana uchafu hula nguvu ya dawa. Kisha paka jiki, acha dakika 10. Changanya upya kila siku na uweke mbali na jua. Usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi inayoweza kuua.

Kwa agizo la 2020 gari la viti 14 lilibeba 8, hilo mnalijua. Linalosahaulika ni madirisha. Mvua hizi za masika zinawafanya abiria wafunge yote, na hapo kupunguza watu kunapoteza maana. Acheni wazi kidogo la mbele na la nyuma, hewa ipite.

Barakoa ya kitambaa inalowa jasho kabla ya adhuhuri. Niendelee nayo? (Msomaji, Kwale)

Badilisha. Ikilowa pumzi hupenya pembeni. Beba mbili au tatu, vua kwa kamba bila kugusa mbele, fua kwa sabuni, anika juani.

Mke wangu atajifungua mwezi ujao. Uchungu ukianza wakati wa kafyu tutafanyaje? (Baba mtarajiwa, Mombasa)

Usingoje uchungu. Wiki hii tafuta madereva wawili wanaoishi karibu, kubalianeni bei mchana. Mjulishe mzee wa mtaa na chifu, na uandike simu ya hospitali ukutani. Kafyu ya Mei 2020 ilikuwa saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na kwenye kizuizi askari atataka kujua mnakoenda: kitabu cha kliniki kiwe mkononi, si ndani ya mkoba. Maji yakivunjika au damu ikitoka, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama kumebaki nusu saa kupambazuke.