Chungu kimoja, ini lake lina mafuta, langu halina

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na mume wangu tulipimwa ultrasaundi. Yeye ana miaka 46, mimi 43. Tunakula chungu kimoja, na mimi ndiye mnene zaidi. Ini lake limekutwa na mafuta, langu wameandika safi. Imekuwaje? Na je, mimi nimeshasalimika?

JIBU: Marahaba dada. Nianze na hilo la “safi”: ultrasaundi huona mafuta yakishakuwa mengi kiasi, machache huyapita. Hata hivyo, tofauti mliyoiona ni ya kawaida.

Asidi za mafuta zikifika kwenye ini, ama huchomwa kupata nguvu, ama huunganishwa kuwa trigliseridi, yaani mafuta ya akiba. Sehemu ya trigliseridi hupakiwa na kutumwa kwenye damu, zinazobaki hurundikana. Kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, estrojeni, homoni ya kike, husukuma mafuta mengi zaidi upande wa kuchomwa, na hulizuia ini lisigeuze sukari kuwa mafuta kwa kasi.

Halafu kuna mahali unene unapokaa. Wako huenda uko mapajani na makalioni, chini ya ngozi, ambako hautoi shida kubwa. Wanaume wengi huweka akiba tumboni, kuzunguka utumbo, na damu ya huko huingia moja kwa moja kwenye ini. Kwa hiyo mimi huuliza kiuno kabla ya kilo.

Linalonivutia zaidi ni kolini, kirutubisho kisichotajwa sana. Bila kolini ya kutosha ini hushindwa kupakia trigliseridi, nazo hukwama humo humo. Mwili hujitengenezea kiasi fulani, na kimeng'enya cha kazi hiyo huamshwa na estrojeni. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2007, watu walilishwa chakula chenye kolini kidogo mno. Asilimia 77 ya wanaume walipata mafuta kwenye ini au madhara ya misuli. Kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi ilikuwa 44. Waliokwisha kukoma? Asilimia 80, karibu sawa na wanaume.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili: umekopeshwa kinga, na mkopeshaji ni homoni. Hedhi ikikoma, mafuta huanza kuhamia tumboni na pengo kati yenu hupungua. Tena baada ya miaka 50, mwanamke ambaye ini lake limeshaingia mafuta huweza kupata makovu ya ini haraka kuliko mwanamume. Kisukari, au testosteroni (homoni ya kiume) iliyozidi kama kwa wenye vifuko vingi kwenye ovari, huipunguza kinga hiyo hata mapema. Na kwa pombe mambo hugeuka: ini la mwanamke huumia kwa kiasi kidogo zaidi.

Mumeo apime sukari, lehemu na vimeng'enya vya ini, na daktari wake akadirie kama kuna makovu. Akiwa na uzito uliozidi, kupunguza asilimia 7 hadi 10 hutosha mara nyingi kulipunguzia ini mafuta, akianza na vinywaji vya sukari. Wewe pima kiuno sasa, uandike, upime tena kila mwaka.