Nenda, ila usikimbilie kufika

Ndugu yangu, umeuliza kama wiki tatu peke yako juu ya pikipiki zitakusaidia kujijua upya baada ya kuacha kazi. Naamini zitakusaidia, ila si siku za mwanzo. Siku tatu nne za kwanza kichwa kitakuwa bado kinabishana na bosi wako wa zamani ndani ya helmeti. Kiache kibishane. Kimya huja baadaye, chenyewe, na hapo ndipo utasikia unachokitaka hasa.

Kwa hiyo usijipangie kilomita 600 kwa siku. Mimi 250 zilinitosha, maana mwili uliochoka hauwazi kingine zaidi ya kitanda.

Wapo waliokwenda bila haraka: Mwingereza Elspeth Beard aliondoka London mwaka 1982 akiwa mwanafunzi wa usanifu majengo, akaizunguka dunia kwa pikipiki, akarudi 1984. Na kwa kuwa utakuwa peke yako, jifunze kuziba pancha na kukaza mnyororo kabla hujaondoka. Mimi nilijijua zaidi nikiwa nimechuchumaa kando ya barabara nikiitengeneza pikipiki kuliko nikiwa mwendoni.

Usiendeshe usiku. Kila jioni mpigie mtu mmoja umweleze ulipo, kisha zima simu uandike japo mistari miwili.