MUULIZE FUNDI: DVD ya kurudishia Windows imekwaruzika, dawa ya mswaki inasaidia?

SWALI: Fundi habari za kazi. Laptopu yangu ya siku nyingi imegoma, inafika kwenye nembo ya Windows inazima inaanza upya, ni hivyo hivyo tu. Ninayo ile DVD ya kurudishia iliyokuja nayo, nikiiweka inaanza kupakia faili halafu inakwama palepale mwanzoni, haijaniuliza hata lugha. Chini ina mikwaruzo kibao, wadogo zangu waliichezea. Kuna mtu kaniambia niipake dawa ya mswaki, ni kweli au ananizingua? Halafu picha zangu zote ziko humo humo kwenye laptopu.

JIBU: Salama ndugu yangu. Hilo la picha umeliweka mwishoni kama nyongeza ila ndilo la kwanza. DVD nyingi za kurudishia zinafuta hardi diski nzima na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo shukuru imekwama kabla haijagusa kitu. Usiendelee kuijaribu. Azima kompyuta inayofanya kazi, tengeneza flashi ya Linux (mfumo wa bure unaofanya kazi kama Windows), ile inayowaka bila kuinstolu, iwashe laptopu yako kwa hiyo flashi, hamisha picha kwenye diski ya nje, ndio turudi kwenye mikwaruzo.

Sasa DVD. Ina unene wa milimita 1.2 na data zake zimekaa katikati ya plastiki, kwa hiyo mikwaruzo ya chini mara nyingi haijazifikia, inachofanya ni kupotosha mwanga wa leza, kama mtu aliyevaa miwani yenye mchirizi, kitabu kizima ila hasomi. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hausumbui sana maana draivu, yaani kile kifaa kinachosoma diski, ina hesabu za kujazia vipande vidogo vinavyokosekana, mbaya ni ule unaozunguka kufuata duara, huo unakula data nyingi za mfululizo. Ndio maana ukifuta diski unafuta kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, usizungushe kabisa.

Anza na maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, kausha kwa kitambaa laini. Usicheke, diski kibao zinazoitwa mbovu zina alama za vidole tu. Ikigoma tena ijaribu kwenye draivu nyingine, hasa ya nje ya USB, kwa sababu lenzi ya laptopu ya zamani nayo inachoka na draivu hazilingani kabisa kwa kusoma diski mbovu.

Na ukipata draivu inayoisoma hata kwa kusuasua, usiinstolu moja kwa moja, itoe kopi nzima, ile faili ya ISO. Kwenye Linux kuna programu ya bure inaitwa ddrescue, hiyo naipenda sana, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, zile sugu inazirudia baadaye, na inaandika pembeni imefikia wapi, kwa hiyo unaweza kuisimamisha ukahamishia diski kwenye draivu nyingine ikaendelea na vile vilivyobaki tu. Ikimaliza choma DVD mpya kwa spidi ndogo. Ila kama kuna vipande vimegoma mpaka mwisho, kopi hiyo usiiamini sana, kinaweza kuwa ndicho kipande chenyewe kinachohitajika.

Dawa ya mswaki hajakuzingua, ila iwe ya mwisho. Inafanya kazi kwa sababu ina chembechembe zinazosugua kingo za mkwaruzo, maana yake inaweza pia kukuongezea ukungu juu ya plastiki. Chukua ile nyeupe ya kawaida, sio jeli, sugua taratibu kwa mstari ule ule wa katikati kwenda nje, suuza, kausha. Mkwaruzo ambao ukucha unanasa ndani yake hautatoka hivyo. Na diski yenye ufa usiiweke kabisa, inazunguka kwa kasi kubwa humo ndani, inaweza kupasuka vipande.

Mimi lakini ningekuwa wewe, picha zikishatoka, ningejaribu kwanza bila DVD. Laptopu nyingi zina sehemu ya kurudishia ndani ya hardi diski yenyewe, ukiwasha tu unabonyeza F11 kwa HP, Alt na F10 kwa Acer, F9 kwa ASUS. Na Windows mpya unaipata bure kwenye tovuti ya Microsoft, unaiweka kwenye flashi ya GB 8, leseni ndiyo unayotakiwa kuwa nayo, ila namba za Windows 7 na 8 zilikuwa zinakubalika kwenye Windows 10 na 11 mpaka 2023. Laptopu zilizouzwa na Windows 8 kuja juu, namba ya leseni imo kwenye bodi kuu ya ndani, za Windows 7 angalia stika chini ya laptopu au kwenye chumba cha betri, ina herufi na namba 25. Piga picha hiyo stika leo leo, zinafutika.