Manukuu ya vipindi vya TV mtandaoni: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu Marekani, ambako sheria iitwayo CVAA, iliyosainiwa Oktoba 8, 2010, iliipa FCC, tume ya mawasiliano, kazi ya kutunga kanuni za manukuu ya mtandaoni, yaani maandishi ya skrini yanayoonyesha maneno na sauti za kipindi.

Mimi ni kiziwi, naishi Minneapolis. Tamthilia niliyoitazama kwenye TV ikiwa na manukuu, kwenye tovuti ya kituo hicho haina. Nina haki ya kudai?

Unayo. Kipindi kizima kikisharushwa kwenye TV ya Marekani na manukuu, kikiwekwa mtandaoni lazima yaandamane nacho, tena yasipungue ubora wa yale ya TV. Kama kipindi kilikuwa tayari mtandaoni bila manukuu kabla ya kurushwa nayo, mwenye tovuti ana siku 15 za kuyaweka.

Chaneli yetu ni ya Kiswahili na iko mtandaoni tu. Tunabanwa?

Kanuni hizi haziwagusi. Hata kwenye TV ya huko, sharti la manukuu ni la vipindi vya Kiingereza na Kihispania. Lugha nyingine kwa sehemu kubwa zimesamehewa. Lakini wekeni. Msamaha huo haumsaidii chochote mzee aliyepungukiwa usikivu ambaye lugha anayoisoma vizuri ni Kiswahili, na hakuna atakayemwekea kama si ninyi. Andikeni na sauti pia: [mlango unagongwa], [simu inaita], na jina la msemaji asiyeonekana.

Ninahariri video. Manukuu yanaanza sawasawa, kisha yanaachana na midomo. Kosa liko wapi?

Usisogeze faili zima kabla ya kupima. Linganisha dakika ya kwanza, katikati na mwisho.

Yakiruka ghafla mahali pamoja, ni matangazo ya biashara. Faili lilitengenezwa kwa ajili ya TV, matangazo yakiwamo. Kwenye video ya mtandaoni yamekatwa. Tuseme pengo lilikuwa la dakika 2 na sekunde 30: mstari uliokuwa 00:14:20,000 sasa uwe 00:11:50,000, na yote inayoufuata irudi nyuma vivyo hivyo. Kila pengo lina hesabu yake, na hesabu hizo hujumlishana.

Yakiachana kidogo kidogo, ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kwa sekunde. Mtu alihesabu fremu 30 kwa sekunde na video inakwenda 29.97. Tofauti hiyo hufika sekunde 3.6 kwa saa. Hapa kusogeza hakuponyi: manukuu yakitangulia, zidisha nyakati zote kwa 1.001, yakichelewa, gawanya.

Na kama hayaonekani kabisa, fungua faili lenyewe. Kuna aina mbili za faili za manukuu: SRT hutenga milisekunde kwa koma, WebVTT kwa nukta, na WebVTT lazima ianze na neno WEBVTT. Kubadilisha jina la faili kutoka .srt kuwa .vtt hakutoshi.

Vipande vifupi vya habari navyo lazima viwe na manukuu mtandaoni?

Ndiyo, kituo kikiweka kwenye tovuti au programu yake kipande cha kipindi ambacho kilikirusha kwenye TV na manukuu. Manukuu ya kipande cha matangazo ya moja kwa moja yanaruhusiwa kuchelewa hadi saa 12 tangu kipande kiwekwe mtandaoni. Ya kipande cha kipindi kilichorekodiwa ndani ya saa 24 kabla ya kurushwa, hadi saa 8.

Malalamiko yanapelekwa wapi?

FCC au kwa mwenye huduma, ndani ya siku 60 tangu uone tatizo. Taja jina la kipindi, tovuti au programu, tarehe na saa, kifaa ulichotumia, na kasoro yenyewe: “hakuna manukuu kuanzia dakika ya 22” ina uzito kuliko “manukuu mabovu”. Mwenye huduma ana siku 30 za kujibu. Ukianza kwake na akanyamaza, una siku 30, tangu muda wake wa kujibu uishe, za kuyapeleka malalamiko FCC.